Kichwa Huku, Kichwa Kule

Sarafu mia na kumi na mbili zilikuwa zimetapakaa sakafuni, na hakuna hata moja iliyokuwa sawa. Nyingine picha yake ilikuwa imechapwa pembeni, nusu ikabaki bati tupu. Nyingine maandishi yake yalijirudia mara mbili, yamepandana. Katikati yake alilala mwenye mali, kifudifudi, miwani imening'inia sikio moja, kisogo kimepasuka.

Inspekta alisimama mlangoni dakika tano nzima kabla hajaingia. Kituoni walimwita Mama Tena, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumhadithia jambo mara moja akaridhika. Hata chumba alikitazama mara mbili.

"Pigo moja," alisema daktari, akivua glavu. "Kitu kizito chenye ukingo wa mviringo. Kati ya saa sita na saa nane mchana."

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Mwili ulikuwa umegunduliwa saa kumi na binti wa marehemu, mshonaji, aliporudi kutoka kupeleka sare za wateja wake.

Kitu chenye ukingo wa mviringo hakikuwa mbali. Juu ya meza kilisimama kipande cha chuma, kinene kama ngumi, kimechongwa picha upande mmoja. Ni muhuri wa kiwandani, ule unaoigonga sarafu na kuiachia sura. Marehemu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha sarafu kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu walimpa muhuri mchakavu uwe kumbukumbu. Sasa kila kitu mezani kilikuwa na vumbi jepesi, isipokuwa muhuri.

"Umefutwa," alisema Sajenti.

"Na kishikio cha mlango?"

"Kimefutwa. Na ukingo wa meza. Pazia lina doa, nadhani ndilo lililotumika."

"Kuna kilichoibiwa?"

"Redio ipo. Pochi ipo. Simu ipo. Mwizi gani huyu, Afande, anakuja kufanya usafi?"

Inspekta hakucheka, ingawa utani ule aliupenda. Alikuwa ameiona albamu. Ilikuwa mezani, imefungwa, imewekwa sambamba na ukingo wa meza. Sinia la sarafu lilikuwa limepinduka, kiti kimelala ubavu, mtu ameuawa, na albamu imenyooshwa.

Aliifungua kwa ncha za vidole vilivyovaa glavu. Kila ukurasa ulikuwa na mifuko midogo ya karatasi, na kila mfuko na sarafu yake. Hakukuwa na namba wala majina. Ukurasa wa tatu, mfuko wa juu kabisa, karatasi ilikuwa na duara la rangi ya kutu. Aliitoa sarafu iliyokuwa ndani. Picha yake ilikuwa imekwenda kando, na damu iliyokauka ilikuwa imejaa kwenye herufi.

"Imeingiaje humo?" aliuliza Sajenti. "Albamu ilikuwa imefungwa."

"Ilitiwa damu ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana karatasi imeinywa." Inspekta aliigeuza taratibu. "Mtu ameua. Akaokota sarafu moja kwenye damu, akairudisha mahali pake. Halafu akafuta kila kitu alichogusa, ila hii."

"Labda aliisahau."

"Labda," alisema Inspekta, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

*

Binti alihojiwa jikoni, karibu na sinki iliyokuwa imefunguliwa bomba zake. Macho yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa imetulia. Ni mtu aliyezoea kukata kitambaa bila kutetemeka.

"Nani alikuja leo?"

"Binamu yangu. Fundi bomba. Alikuja saa tano kutengeneza hii sinki."

"Aliondoka saa ngapi?"

"Sijui, Afande, mimi niliondoka saa tano na nusu. Jirani anasema alimwona anatoka saa saba, anakwenda mbio mbio."

"Alikuwa anaelewana na mzee?"

Binti alisogeza kwa mguu spana iliyoachwa sakafuni.

"Walikosana mwaka jana. Baba alimpiga marufuku kuingia kile chumba. Lakini binamu yangu hawezi kumpiga mtu, Afande. Huyo hata panya wa mtegoni huwa anawaachia."

"Na wengine wanaoingia kile chumba?"

"Mwalimu tu. Tunamwita Baba Mdogo, ingawa si ndugu wa damu. Alikuwa anafundisha hesabu, sasa kastaafu. Kila Jumanne wanakaa na Baba na hizo sarafu zao mbovu mpaka jioni."

"Leo ni Jumanne."

"Leo hakuja. Nimempigia simu kumpa taarifa, akaniambia alikuwa kwa mchapishaji. Ameandika kitabu cha hizo sarafu. Amelia kwenye simu mpaka nikaanza mimi kumbembeleza."

"Jirani angemwona kama angekuja?"

"Hapana. Baba Mdogo si mgeni. Yeye hupitia uchochoro wa nyuma, mlango huu wa jikoni."

Inspekta alimwonyesha sarafu ndani ya mfuko wa vielelezo. Binti aliitambua mara moja.

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Ndiyo Baba aliyoanzia. Ilikuwa itupwe kwenye pipa la kuyeyushwa, akaiomba kwa bosi wake."

*

Fundi bomba alikamatwa jioni ile ile. Asubuhi ya Jumatano alikuwa ameketi kwenye chumba cha mahojiano, viatu bila kamba, suruali bila mkanda, anaishika kwa mkono mmoja isimwaibishe.

"Ulitoka kwa mjomba wako saa ngapi?"

"Saa saba. Afande, nilikwenda kununua kiungio cha bomba. Kile nilichobeba kilikuwa hakiingii."

"Hukurudi."

"Duka lilikuwa halina. Nikasema nitarudi kesho. Ndiyo leo hii, niko kwenu."

"Ulimwona mjomba wako?"

"Nilimsikia. Alikohoa. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Mimi kile chumba sikanyagi."

"Kwa nini?"

Kijana alikuna kichwa. Alionekana kuona aibu zaidi kwa hili kuliko kwa kuwa mahabusu.

"Mwaka jana siku ya kuzaliwa kwake nilitaka kumfurahisha. Zile sarafu zilikuwa zimefubaa, Afande, nyingine nyeusi tii. Nikachukua ishirini, nikazisugua kwa dawa ya meno na brashi. Asubuhi nzima! Zikang'aa, unajiona uso. Nikampangia mezani. Mjomba alipoingia akazitazama, halafu akakaa chini sakafuni."

"Sakafuni?"

"Chini kabisa. Akasema nimezichuna ngozi. Kumbe ukisafisha sarafu ya kukusanywa umeiua, haina tena thamani kwa wenyewe. Mimi ningejuaje? Kwetu sisi mafundi kitu kikiwa kisafi ndiyo kazi nzuri."

Inspekta alikuwa amekunywa nusu ya chai yake. Alijifanya anasogeza kikombe, kikapinduka. Chai ikatiririka mezani, ikaiburura sarafu ya kawaida aliyokuwa ameiweka kando ya faili, ikaanguka sakafuni.

"Niokotee, tafadhali."

Fundi bomba aliinama na suruali yake, akaiokota, akaipangusa mara mbili pajani, akampa ikiwa kavu na inameremeta. Hakujua kama amefanya lolote.

"Rudia tena," alisema Inspekta. "Tangu ulipoingia saa tano."

Alirudia. Hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Mkuu wa kituo hakuwa na muda wa chai. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye simu.

"Amekuwapo ndani ya nyumba. Walikuwa na ugomvi. Ametoka mbio, jirani kamwona. Unataka nini tena?"

"Nataka aliyeirudisha ile sarafu, Mkuu. Albamu haina namba. Kila ukurasa una kosa la aina yake, na huyu fundi hajui hata kosa moja linaitwaje. Angejuaje kwamba ile ni ya ukurasa wa tatu, mfuko wa juu?"

"Bahati."

"Na angeiacha na damu? Huyu anapangusa sarafu bila kufikiri. Aliyeua alifuta chuma, mlango na meza. Sarafu ndiyo kitu pekee alichokishika ambacho hakukifuta. Anayejificha hufuta vyote. Hii hakuiacha kwa kusahau. Kuna mtu mkono wake ulikataa."

Mkuu alimtazama.

"Kesho saa tatu asubuhi kijana anasomewa shtaka la mauaji," alisema. "Ukiwa na mwingine, mlete kabla ya hapo. Ukiwa huna, huyu ndiye."

Kwenye korido binti wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi, amebeba chakula cha mahabusu kwenye bakuli. Alikuwa hajamzika baba yake, na tayari alikuwa anakwenda kumpoteza binamu.

"Afande," alisema, "niambie ukweli. Mmempata au mmemkamata tu?"

Inspekta alimwomba namba ya simu ya mchapishaji.

*

Mchapishaji alipokea simu mlio wa pili. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Ndiyo, Mwalimu alikuja jana."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro. Alikuwa anahema, nikampa kiti. Akaniambia nisimamishe kitabu chake. Mama yangu! Jalada lilikuwa liko kwenye mashine tayari."

"Alisema sababu?"

"Alisema jalada lina kosa. Nikamwambia, Mwalimu, mimi silioni. Ile picha ya sarafu yake imetoka safi kabisa. Akaniambia, hulioni kwa sababu hukuwapo."

"Ni sarafu gani hiyo?"

"Ile ya vichwa viwili, aliyoipata yeye kwenye chenji. Kila mtu anaijua. Ukimpa nafasi ya kuvuta pumzi tu atakuhadithia."

Inspekta alikata simu, akaomba hati ya upekuzi.

Mwalimu aliishi vyumba viwili vilivyojaa vitabu, umbali wa kutembea dakika kumi kutoka kwa marehemu. Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mtanisamehe, familia imeniomba niandike wasifu wa marehemu. Naona hauandikiki."

Mezani kulikuwa na karatasi. Ilikuwa na mwaka wa kuzaliwa na nukta.

Inspekta aliketi. Sajenti alisimama karibu na mlango. Hakukuwa na haja ya kuzunguka sana. Inspekta alitoa mfuko wa vielelezo, akaidondosha sarafu juu ya kitambaa cheupe, akausogezea mkono wa Mwalimu glavu. Kando yake aliweka kitambaa kingine, kikavu, kilichokunjwa.

"Unaijua?"

Mwalimu alivaa glavu. Aliishika kwa vidole viwili, kwenye ukingo, uso wake bila kuugusa.

"Ni ya kwanza. Hii ndiyo aliyonionyesha siku tuliyojuana. Ndiyo iliyonitia huu ugonjwa."

"Maabara wamekwisha chukua walichotaka. Sasa ifute, Mwalimu. Hicho hapo kitambaa."

Mzee alitazama kitambaa. Alikichukua. Mkono ulikwenda mpaka nusu ya safari, ukasimama pale. Sajenti alisogea hatua moja mbele, akarudi.

"Siwezi," alisema Mwalimu.

"Ni kuipangusa tu."

"Ukiisugua ikiwa hivi unaikwaruza uso. Alama hizo hazitoki tena. Siwezi, mwanangu. Usiniombe."

"Aliyeiokota jana naye hakuweza," alisema Inspekta. "Alifuta muhuri, meza na mlango. Alikuwa na pazia mkononi, lina nafasi tele. Hii aliishika kama unavyoishika sasa, akaitia kwenye mfuko wake, ukurasa wa tatu, juu. Saa tisa kasoro alikuwa kwa mchapishaji anasimamisha kitabu. Mwili ulikuwa bado haujaonekana na mtu."

Mwalimu aliirudisha sarafu kwenye kitambaa, taratibu, upande wa kichwa juu.

"Kijana wa watu yuko ndani?"

"Kesho anasomewa shtaka."

"Sikujua hilo. Naapa sikujua. Binti hakuniambia."

"Sasa unajua. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Alivua glavu, akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Sajenti alishtuka, lakini kilichotoka kilikuwa vifuko viwili vya karatasi. Akavilaza mezani. "Bila shaka mmekuja na hati ya upekuzi kwa ajili ya sarafu hizi. Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni yake. Nimeshindwa kuitupa hata hiyo. Nilisimama mtoni jana jioni nikashindwa."

Inspekta aligeuza ya kwanza. Kichwa huku, kichwa kule. Upande wa thamani haukuwapo kabisa. Aligeuza ya pili. Ilikuwa ile ile.

"Nieleze."

"Miaka ishirini na sita iliyopita nilifiwa na mke wangu," alisema Mwalimu. "Wiki tatu baada ya mazishi nilikuwa sili, sitoki. Nilikuwa nakwenda dukani tu kununua viberiti. Siku moja muuza duka ananirudishia chenji, naiangalia, naona hii. Vichwa viwili! Miaka saba nilikuwa natafuta kosa langu mwenyewe, silipati. Sote wawili tulijua jambo kama hilo halitokei, labda mara moja katika umri wa mashine. Likanijia mimi, mkononi, wiki ile. Nilikimbia mpaka lango la kiwanda kumwonyesha. Akanikumbatia. Tukaingia mgahawani nikala sahani mbili."

"Na jana?"

"Jana nilikwenda kumsomea utangulizi wa kitabu. Nimeandika kwamba siku ambayo sikuwa na mtu, kitu kilinitafuta chenyewe, hakikutumwa na yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akapandisha miwani. Akasema, 'Ndugu yangu, usichapishe hilo. Litakuwa uongo, na mimi ndiye nitakayekuwa nimekudanganya.' Akafungua droo akatoa ya pili. Alifunga mihuri miwili ya kichwa kwenye mashine, akagonga mbili, akairudisha kama ilivyokuwa. Moja akampa muuza duka aniwekee kwenye chenji."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Sarafu iliyokosewa makusudi si kosa," alisema Mwalimu. "Ni mchezo tu. Haina nafasi kwenye albamu ya mtu yeyote."

"Ulimpiga kwa sababu ya thamani yake?"

"Hapana! Isingekuwa na thamani ya punje ningeipenda vile vile."

"Alikucheka?"

"Angecheka tungecheka wote. Aliniambia kwa sauti ile ile aliyoniambia nayo pole msibani. Nikaona miaka ishirini na sita yote ananitazama kwa macho yale, kila Jumanne, ninapohadithia. Ananiacha nihadithie. Akasema, 'Nilikuonea huruma.' Halafu akageuka kuchukua albamu, anitulize, anionyeshe ile ya kwanza. Alishaitoa, iko mkononi. Muhuri ulikuwa karibu nami."

"Rudia tena," alisema Inspekta, lakini kwa upole, na hii ilikuwa mara ya kwanza Sajenti kumsikia akiyasema maneno hayo hivyo.

"Nilikuwa na siku moja tu maishani ambayo kitu kizuri kilinijia chenyewe. Akaichukua. Nikampiga. Sarafu ikamtoka ikaangukia damuni, na mimi kabla sijamwangalia yeye nimeinama kuiokota ile." Mwalimu alifunika uso. "Sarafu, mwanangu. Niliokota sarafu kwanza."

*

Fundi bomba aliachiwa saa kumi na mbili jioni, akapewa mkanda wake na kamba za viatu. Alitia saini, akauliza kama sinki ya mjomba imeshamaliziwa, maana maji yatakuwa yanavuja.

Binti wa marehemu hakuondoka naye. Alibaki kwenye benchi mpaka Inspekta alipotoka.

"Wamesema ni Baba Mdogo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Inspekta alikaa kando yake na kumweleza yote, mchapishaji, muuza duka, mihuri miwili, bila kupunguza wala kutia chumvi. Binti alisikiliza akiwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Mwisho alitikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Hiyo siku naikumbuka," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alichelewa kurudi, Mama amenuna. Akaingia anacheka peke yake, hata viatu hakuvua. Mama akamuuliza una nini wewe, umepandishwa cheo?"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Leo amekula. Sahani mbili.'"